Naomba ushauri: kwaya imekwama kwenye mapigo ya Kibulgaria

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Kwaya yetu tunajifunza wimbo wa kienyeji wa Bulgaria kwa mtindo wa Filip Kutev, yule mtunzi aliyeanzisha kundi la taifa la nyimbo na ngoma mwaka 1951 akachukua uimbaji wa akina mama wa vijijini akaupangia kwaya, na kwa kweli naupenda mno. Shida mapigo ni 7/8, yaani mapigo saba kila mzunguko yaliyogawanywa 2+2+3, tukifika kwenye ile tatu watu wanaongeza pigo la nane. Nimejaribu makofi, nimejaribu kuhesabu taratibu, spidi ikipanda tu inaharibika. Halafu kuna sehemu noti za soprano (sauti ya juu) na alto (ya chini yake) zimekaribiana sana, wanavutana. Je, niwafundishe kwa miguu kwanza au kwa maneno? Na hizo sauti mnazizoeshaje zisivutane?