Ushauri: Nampeleka mama Japani kwa usiku 11, magoti yanamsumbua. Bustani, mahekalu, ngome na maji moto, nipange vipi?

BintiTanga
Assalaam alaykum wadau, habari za jioni.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nafanya kazi Muscat mwaka wa tisa sasa. Mama yangu ana miaka 68 na ni mtu wa miti na maua tangu namjua. Uani kwake kuna asumini, vilua na mlangilangi. Zamani alipewa kalenda ya picha za bustani za Kijapani, na hajaitupa mpaka leo. Nimeweka akiba, viza tumepata, tunatua Kansai tarehe 9 Novemba kupitia Dubai na tunarudi kutokea hapo hapo.

Niliandika ratiba: Tokyo, Nikko, Matsumoto, Kanazawa, Kyoto, Nara, Himeji, Okayama, Hiroshima, na bafu la Dogo kule Matsuyama. Mama akaisoma yote, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, tutaketi saa ngapi?"

Naomba msaada kwa mambo matatu. Ngazi hawezi nyingi. Kuoga uchi mbele ya watu hawezi kabisa, lakini maji moto anayatamani kwa ajili ya magoti. Na chakula, sisi ni Waislamu.

MzeeWaReli
Wa alaykum salaam, dada. Nilisoma Osaka miaka minne, na nakuambia mama yako ameshakupa jibu. Miji kumi kwa usiku 11 maana yake mtaona stesheni nyingi kuliko bustani. Futa Tokyo, Nikko, Matsumoto, Hiroshima na Matsuyama.

Mngelala hivi: Kyoto usiku mmoja mpumzike, Kanazawa mbili, mrudi Kyoto tano, Kinosaki, mji wa maji moto, mbili, Himeji moja. Kutoka uwanja wa Kansai kuna treni ya Haruka mpaka Kyoto bila kubadilisha. Angalizo: maelezo ya zamani yatakuambia kuna treni ya moja kwa moja kati ya Kyoto na Kanazawa. Tangu Machi 2024, reli ya mwendokasi ilipofika Tsuruga, lazima ushuke Tsuruga ubadilishe. Lifti zipo, ila usikate tiketi yenye dakika chache za kubadilisha ukiwa na mzee.

Ile pasi ya reli ya nchi nzima achana nayo. Oktoba 2023 ya siku saba ilipandishwa mpaka yeni 50,000, na kwa safari hii hamtafikisha hiyo gharama. Kateni tiketi za kawaida.

MkulimaWaUa
Kanazawa usiitoe, nakuomba sana. Bustani ya Kenrokuen ni kazi ya mabwana wa ukoo wa Maeda, vizazi kwa vizazi, na raia wa kawaida walifunguliwa milango mwaka 1874. Mtafika wakati mzuri mno. Kuanzia tarehe 1 Novemba watunza bustani huanza kufunga misonobari kamba ili theluji nzito isivunje matawi. Nguzo ndefu husimamishwa katikati ya mti, kamba zikashuka pande zote kama mbavu za mwavuli. Huanza na msonobari wa Karasaki kando ya bwawa. Mtu aliyewahi kuegemeza tawi la mwembe lisivunjike ataelewa anachokiona bila mkalimani.

Kyoto, nendeni hekalu la Tenryuji kule Arashiyama asubuhi mapema. Bustani yake inahusishwa na mtawa Muso Soseki wa karne ya 14, na uzuri wake ni kwamba milima ya nyuma imeingizwa kwenye picha kana kwamba ni sehemu ya bustani. Wenyewe huita shakkei, mandhari ya kuazima. Mama akae barazani atazame. Hapana haja ya kuzunguka.

Hekalu la Ryoanji nalo ni la kukaa. Mawe 15 juu ya changarawe nyeupe, na ukikaa popote barazani kuna jiwe moja angalau halionekani. Wengi hupiga picha wakaondoka baada ya dakika tano. Nyinyi kaeni.

Nahodha_wa_Pemba
Naunga mkono, ila Himeji kwa mgonjwa wa magoti? Ile ngome ni ya mbao ya 1609, ngazi ndani ni kali, na viatu unavua unabeba mkononi. Nilipanda nikiwa na miaka 35 na mapaja yaliuma siku mbili.

Kama anataka kuona makao ya watawala, mpeleke ngome ya Nijo hapo hapo Kyoto. Tokugawa Ieyasu aliijenga 1603, na ni hapo mwaka 1867 shogun, yaani mtawala wa kijeshi, wa mwisho alipotangaza kurudisha madaraka kwa mfalme. Kasri la Ninomaru lililo ndani yake halina ghorofa ya juu, unatembea sakafu tambarare ya mbao, na kila hatua mbao zinalia kama ndege. Bustani iko nje ya mlango.

MzeeWaReli
Nahodha, kwa ngazi uko sahihi, lakini Himeji nisingeifuta. Si lazima kuipanda. Ukitoka stesheni tu unaiona mwisho wa barabara, nyeupe pe. Ndiyo maana wanaiita ngome ya korongo mweupe. Mama akae kwenye uwanja wa mbele, kisha waingie Kokoen, bustani iliyo jirani. Ngome itakuwa mbele yake saa nzima bila kukanyaga ngazi moja.

Bi_Shangazi
Mwanangu BintiTanga, nikujibu la stara maana nilikuwa na hofu hiyo hiyo nilipokwenda na mkwe wangu.

Mabafu ya pamoja, wanaume wana lao na wanawake lao, lakini wote ndani ni uchi, nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Kwa hiyo usimlazimishe. Tafuteni nyumba ya wageni yenye bafu la kukodi faragha, linaitwa kashikiri, au chumba chenye bafu lake la maji ya chemchemi. Mnafunga mlango, mnakuwa nyinyi wawili tu. Mnajisafisha kwa sabuni kwanza, ndipo mnaingia. Vigoda vya kuogea ni vifupi sana, hivyo mshike mkono akiinuka. Maji ni makali, dakika tano kumi anatoka, anakunywa maji. Na Kinosaki kuna sehemu za kuchovya miguu tu, umevaa nguo zako zote. Mkwe wangu hakutaka kuondoka.

Jambo ambalo hukuuliza: vyumba vya jadi vina mikeka, unalala chini na kula chini. Omba chumba chenye vitanda na meza ya viti wakati wa kuweka nafasi. Yukata, vazi jepesi la Kijapani utakalopewa, upande wa kushoto uwe juu ya wa kulia. Kinyume chake huvalishwa maiti.

Chakula: samaki wapo tele, lakini mapishi mengi hutiwa mirin au sake, ambazo ni pombe. Andikisha karatasi kwa Kijapani: hatuli nguruwe, hatutumii pombe hata ya kupikia, na nyama iwe ya halali. Ipeleke hotelini kabla hamjafika.

Nahodha_wa_Pemba
Nyongeza kwa Bi Shangazi: tarehe 6 Novemba uvuvi wa kaa hufunguliwa upande ule wa bahari na bei za Kinosaki hupanda. Weka nafasi sasa, uliza chumba bila chakula cha kaa. Na mkitaka kuswali msikitini, Kobe kuna msikiti wa kwanza wa Japani, wa mwaka 1935, njiani kati ya Himeji na Osaka.

BintiTanga
Allah awalipe kheri nyote. Nimemsomea mama, alipofika kwenye misonobari ya kamba akaenda kuleta kalenda. Picha ya Novemba ni hiyo hiyo.

Nimefuata mpango wa Mzee. Kinosaki nimeomba chumba chenye vitanda na bafu la ndani. Nijo tutaingia, Himeji tutaitazama tukiwa tumekaa. Swali la mwisho: mabegi mawili makubwa na mzee wa kushika mkono, kwenye treni nitaweza?

MzeeWaReli
Usiyabebe. Mapokezi ya hoteli waambie takkyubin, watakujazia fomu na mabegi yatapelekwa hoteli inayofuata. Kwa kawaida hufika kesho yake. Mbaki na begi dogo la usiku mmoja, na dawa za mama ziwe humo.