Je, mtangazaji aliyeko studio atuambie kwamba hayupo uwanjani?

Msikilizaji wa Korogwe:
Ndugu zangu, Jumamosi nilisikiliza redio moja ikitangaza mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza, na mtangazaji akatusimulia baridi ya uwanjani na mashabiki "wanaotuzunguka hapa", ilhali alikuwa chumbani Dar es Salaam akitazama runinga. Sipingi kutangaza kwa kufuata picha, maana gharama za kumpeleka mtu huko si ndogo. Ninachouliza ni kwa nini tusiambiwe. Watangazaji wetu wa zamani hawakutudanganya hivi.

Jirani wa Temeke:
Hapo mwisho umenigusa, na siwezi kupita kimya. Nilipokuwa mdogo nilikwenda Uwanja wa Taifa na mjomba wangu, ambaye hakuachana na redio yake hata akiwa jukwaani. Beki alikuwa katikati ya uwanja akimrudishia mwenzake mpira taratibu, na redio sikioni mwa mjomba ikapaza sauti kwamba kuna hatari kubwa langoni! Jukwaa letu lote liliangua kicheko. Kazi ya redio ni kuchangamsha, na anayetaka kuona mambo yalivyo anunue kisimbuzi.

Binti wa Lindi:
Anunue kisimbuzi? Baba yangu haoni, kaka, na redio ndiyo macho yake. Mechi ikianza huketi mkekani na kuupima uwanja kwa kiganja, lango moja huku na lingine kule, kisha kidole chake hufuata maneno ya mtangazaji, kikivuka katikati, kikienda wingi ya kulia, kikirudi nyuma. Hatari inapotangazwa pasipo na hatari, kidole cha baba hukimbilia mahali ambapo mpira haupo. Wewe unakiita hicho kuchangamsha.

Fundi Mitambo wa zamani:
Nimekaa chumba hicho miaka mingi, katika kituo ambacho sitakitaja. Picha iliganda siku moja, na mwenzetu, badala ya kukiri, akasema mpira umetoka nje na unarushwa. Aliurusha mpira huo mara tatu. Picha iliporudi, wachezaji walikuwa wamekumbatiana kwenye kibendera cha kona, naye akapiga kelele za bao kana kwamba limefungwa sekunde ile. Msimlaumu kupita kiasi, kwa sababu redio ikinyamaza msikilizaji anahama. Hata Ronald Reagan, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, kabla ya siasa, katika miaka ya 1930 alitangaza mechi za Chicago Cubs, timu ya besiboli, akiwa studio huko Iowa kwa kusoma taarifa za telegrafu, na mwenyewe alisimulia kwamba laini ilipokatika alibuni mapigo ya mpira kwa dakika kadhaa mpaka iliporejea.

Mwana Msimbazi:
Mnahangaika na ya Marekani wakati uongo uko hapa nyumbani. Tarehe 5 Novemba 2023, Yanga walipotufunga sisi Simba 5-1, mtangazaji niliyemsikiliza alishangilia kila bao kama mwanachama wao, na makosa tuliyofanyiwa hakuyataja hata moja. Huyo alikuwepo uwanjani. Kuwepo kwake kulitusaidia nini?

Jirani wa Temeke:
Mabao matano yanataka sauti, ndugu yangu. Ungeshinda wewe, ungemwita hodari.

Mwana Msimbazi:
Usinisemee. Tukishinda pia nataka kuambiwa kama beki wetu ameunawa mpira.

Msikilizaji wa Korogwe:
Naomba turudi kwenye swali. Mwaka 2020, Ligi ya Uingereza iliporejea viwanjani bila mashabiki kwa sababu ya korona, watazamaji wa huko waliwekewa sauti za kurekodiwa, lakini waliambiwa, na asiyezitaka aliweza kuchagua chaneli isiyo nazo. Mbona sisi hatupewi heshima hiyo?

Binti wa Lindi:
Mimi namjibu Fundi, anayesema msikilizaji huhama redio ikinyamaza. Mwezi uliopita kijana mmoja alitamka wazi kwamba yuko studio, picha imekatika, na kwa sasa hajui mpira uko wapi. Baba alikiinua kidole kutoka mkekani, akakiacha hewani, akangoja.