Tangi la lita 180 na maji ya Arusha: gapi, tetra au mbuna, nani akae na nani?

MamaNjiro
Wadau, habari za jioni. Naomba mnisaidie kuamua kabla sijatia pesa mahali pabaya. Nina tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 45, kwa hesabu ni lita 180 likijaa pomoni. Hii ni wiki ya sita tangu tuanze kuliivisha, yaani kuliacha bila samaki mpaka bakteria wa kula uchafu wakue kwenye filta. Filta ya nje ipo, hita ya wati 200 ipo, na matone ya kupimia amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, yamesoma sifuri siku nne mfululizo. Kinachonitia wasiwasi ni pH, kile kipimo cha uasidi wa maji ambacho 7 ni katikati. Asubuhi 8.4, jioni 8.4. Maji ni ya bomba la hapa Njiro, nayaacha kwenye ndoo siku nzima klorini iondoke.

Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza ni gapi, plati na moli, wale wanaozaa watoto hai. Ya pili ndiyo moyo wangu ulipo: kundi la tetra wa neoni, enjofishi wawili, na koridorasi wa kutembea chini. Ya tatu ni mbuna wa Ziwa Nyasa, maana nimeona rangi zao kwa rafiki yangu nikashindwa kuondoka pale sebuleni. Mwanangu wa miaka tisa anataka beta mwekundu, yule samaki mpiganaji, aongezwe popote nitakapoamua. Halafu jirani aliyehama ameniachia goldifishi mmoja na pleko, yule wa kulamba kioo, wa urefu wa kidole, wapo kwenye beseni wananisubiri. Nishaurini.

RauMtoni
Dada, mimi niko Moshi na nilianza na hiyo njia yako ya pili, ile ile. Neoni 12, enjofishi wawili wadogo kama sarafu. Miezi ya kwanza ilikuwa raha tupu. Enjofishi wakakua, na mwezi wa saba nikaanza kuhesabu neoni kila asubuhi: 11, 9, 6. Sikuona mzoga hata mmoja. Enjofishi mzima anafika sentimita 15 na mdomo wake unamtosha neoni bila shida. Huko Amazoni wanakotoka ndivyo wanavyoishi, mmoja ni chakula cha mwenzake. Ukimtaka enjofishi, muweke na tetra wenye miili mipana, si neoni.

Ila jua kwamba maji yangu yanasoma 7.2. Hapa tunakunywa chemchemi za Kilimanjaro. Kwa 8.4 nisingethubutu kuwanunua neoni.

Sakina_Vioo
Mimi ni fundi vioo na ninafuga pia. Naona mnamtisha dada wa watu. Samaki wa dukani wengi wamezaliwa kwenye mashamba ya samaki, hawajawahi kuiona hiyo Amazoni. Wanazoea maji. Nina neoni wameishi hapa Sakina, Arusha hii hii, miezi mitano kwa maji ya bomba, wanakula vizuri na rangi wanayo. Ninachosema mimi ni kimoja: akichagua mbuna, mawe yakae juu ya kioo cha chini kwanza, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Mbuna wanachimba. Jiwe likikalia mchanga litaporomoka siku moja, na hapo hakuna silikoni itakayokuokoa.

Babu_Tengeru
Kijana, la mawe umesema kweli tupu na nakushukuru. La pH niruhusu nipinge, maana nimefundisha kemia miaka mingi na samaki nimefuga mingi zaidi.

Kuzoea kupo. Neoni wa shambani anaweza kuvumilia 7.5, pengine hata kuukaribia 8. Hatari ya 8.4 iko pengine: kwenye amonia. Kinyesi cha samaki na chakula kilichooza vinatoa amonia, nayo ndani ya maji inakuwa na sura mbili, moja ya sumu kali na nyingine isiyo na makali. Sura ipi izidi, pH ndiyo inaamua. Kwenye nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7, sehemu ya sumu haifiki hata asilimia moja. Kwenye 8.4 inapanda hadi asilimia 12 hivi. Maana yake kiasi kile kile cha uchafu kina sumu takriban mara 20 zaidi Njiro kuliko kwenye maji yaliyo katikati. Siku filta ikizimika, samaki wa maji laini, yaani yenye madini machache, kama neoni, ndiye anayetangulia.

Na maji yetu ya Meru yana jambo lake. Watu wakiona pH kubwa wanasema "maji magumu", yaani yenye kalsiamu nyingi yanayokataa povu, lakini sabuni inatoa povu bila taabu, sivyo? Huu ni mlima wa volkano. Maji yake yamejaa magadi, hasa sodiamu baikaboneti, na kalsiamu ni kidogo. Ni magadi yale yale tunayotia kwenye makande, ila hapa yameyeyuka yenyewe kwenye miamba. Kwa hiyo ukitia dawa ya kushusha pH, itashuka jioni na asubuhi imerudi 8.4, kwa sababu magadi yanaishikilia. Samaki wanaugua zaidi kwa huko kupanda na kushuka kuliko wangeugua kwa 8.4 iliyotulia.

Mwanangu wa Njiro, usitafute maji ya kumfaa samaki. Tafuta samaki wa kuyafaa maji yako.

MamaNjiro
Shikamoo Babu. Hilo la magadi sikuwahi kulisikia na limenifungua macho. Basi njia ya pili naiweka kando, ingawa roho inauma. Kati ya gapi na mbuna je?

Mama_Gapi_Kijenge
Karibu kwa gapi, mdogo wangu. pH 8.4 hawaijali, mradi umeongeza kalsiamu kidogo kama Babu alivyogusia. Mimi naongeza madini ya kalsiamu kidogo kila nikibadilisha maji. Bila hivyo moli wangu walikuwa wanajikunyata na kuyumbayumba sehemu moja. Moli ndiye mwenye kudai zaidi kati ya hao watatu. Plati ni mpole kupita wote.

Uwiano ndio wa kuangalia. Dume mmoja wa gapi kwa majike wawili au watatu, la sivyo madume watamfukuza jike mchana kutwa mpaka achoke afe. Na ujue jike anazaa kila baada ya wiki nne hivi, na akishapandwa mara moja anahifadhi mbegu, anaendelea kuzaa miezi kadhaa bila dume. Nilinunua sita. Mwaka haukuisha nikawa nagawa kwenye mifuko kanisani. Kama hutaki uzazi, weka madume matupu ya gapi, kumi hadi kumi na tano, tangi litang'aa na amani itakuwepo.

Beta na gapi usichanganye kabisa. Beta akiona mkia mrefu wa rangi anadhani ni dume mwenzake, anauchana. Mtoto mpe tangi lake dogo la lita 20, lenye hita, beta awe peke yake. Hana haja ya mwenza.

RauMtoni
Naongezea kwa beta: maji ya mvua. Masika yakianza, kinga kwenye pipa safi baada ya mvua ya kwanza kuosha bati, halafu changanya nusu kwa nusu na ya bomba. Maji ya mvua hayana magadi, pH inashuka na inatulia. Kwa lita 20 inawezekana mwaka mzima. Kwa lita 180 utachoka kiangazi.

MwishoWaReli
Naona mmelisahau ziwa letu. Nimekulia Kigoma, sasa naishi Moshono, na kila nikipita kwenye tangi la mtu hapa Arusha najiuliza kwa nini samaki wa Tanganyika hawapo.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH ya 8.6 hadi 9, na yana baikaboneti nyingi. Hayo ya Njiro yanayowasumbua neoni ni karibu nyumbani kwa samaki wangu. Marekani na Ulaya watu wananunua chumvi za madini kuyatengeneza maji ya namna hiyo. Dada unayapata bombani.

Kwa tangi lako nakuandikia ninachokijua. Chini, kundi la Neolamprologus multifasciatus. Ni siklidi, ukoo ule ule wa perege wa Nyumba ya Mungu, lakini huyu jike lake halizidi sentimita tatu na dume nne au tano. Wanaishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Kila mmoja ana gamba lake, anachimba mchanga kwa mdomo mpaka lizame linavyotakiwa, na mtu akisogea wote wanatumbukia ndani kwa mpigo, kisha baada ya dakika macho yanachungulia moja moja. Watoto wanazaliwa humo humo na wanabaki na wazazi wao, kijiji kinakua. Mimi naweza kukaa mbele yao saa nzima kazi zikiwa zinaningoja.

Upande wa pili wa tangi panga mawe yenye mianya, uweke Julidochromis wawili walioshikamana. Wao ni wa mawe, hawa wa mchanga, kila mmoja ana mtaa wake. Acha nafasi ya sentimita 30 hivi ya mchanga mtupu katikati wasigombane. Cyprichromis wa juu ni wazuri mno lakini tangi lako ni fupi kwao, na wanaruka nje. Tropheus usimguse mwaka huu wa kwanza, anataka kundi kubwa na tumbo lake halisamehe chakula kibaya.

Na usichanganye Tanganyika na mbuna kwa sababu tu wote ni siklidi wa Kiafrika. Mbuna ni wakorofi, na chakula chao ni mimea wanayoikwangua kwenye mawe. Wakipewa chakula cha nyama wanachopenda hawa wangu, matumbo yanavimba.

Sakina_Vioo
Kaka, lakini mbuna kwa rangi hakuna anayewafikia. Na wao pia wanataka pH ya 7.8 hadi 8.6, kwa hiyo maji ya dada yanawafaa.

MwishoWaReli
Yanawafaa, sibishi. Ila mbuna wanafugwa kwa kujaza. Ukiweka watano, mmoja anakuwa mbabe na anawaua wanne. Ukiweka ishirini ugomvi unagawanyika, hakuna anayeonewa peke yake. Ishirini kwenye lita 180 wanaishi kwa pumzi ya filta. Umeme ukikatika?

Babu_Tengeru
Hapo umegusa kidonda. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na maji ya huku yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na ya Dar es Salaam yenye joto lile lile. Samaki ishirini wakubwa, umeme umeondoka saa mbili usiku, unarudi alfajiri: kwanza watapanda juu kuvuta hewa, kisha amonia inaanza kupanda, na pH ya 8.4 inaipa makali. Mwaka juzi nilipoteza mbuna 14 kwa usiku mmoja. Niliwafuga miaka mitatu, na wawili kati yao nilikuwa nimewalea tangu wametoka mdomoni mwa mama yao, maana mbuna jike hulea mayai mdomoni. Sikufuga tena mbuna.

Kwa kijiji cha Kaka wa Kigoma, samaki kumi wadogo kwenye lita 180, usiku kama huo wanaupita. Hata hivyo nunua pampu ya hewa ya betri. Na Julai tangi lifunikwe blanketi pande tatu umeme ukikatika. Sebule yangu inashuka hadi nyuzi 16 usiku, nao wanataka 24 hadi 27.

Mama_Gapi_Kijenge
Mmemsahau goldifishi wa beseni. Huyo ndiye anayeifaa Arusha bila hita, baridi yetu anaipenda, nyuzi 18 hadi 22 zinamtosha. Ndiyo maana asichanganywe na hao wa joto, na anachafua maji sana. Mtafutie chombo kikubwa na filta yake. Pleko wa kidole atafika sentimita 40. Mtafutie mwenye tangi kubwa sasa hivi, akiwa bado anagawika. Wala mtu asimtupe Mto Themi wala Ziwa Duluti, nawaomba sana. Samaki wageni wakishika mto hawatoki tena.

MamaNjiro
Nimesoma yote mara mbili na mume wangu. Tumeamua kijiji cha Kigoma, na beta wa mtoto kwenye lita 20 zake za maji ya mvua. Pleko amepata mtu wa Usa River mwenye lita 600. Goldifishi anabaki kwetu, tutamnunulia pipa la plastiki na filta ya sifongo. Kaka MwishoWaReli, magamba nayapata wapi? Na samaki wenyewe?

MwishoWaReli
Samaki nunua kwa mwenye kibali cha biashara ya samaki wa mapambo, akufungie kwenye mfuko wenye oksijeni. Wakifika, usiwamwage. Acha mfuko uelee juu ya maji dakika 20, halafu ongeza maji ya tangi kikombe kimoja kila baada ya dakika kumi, kwa saa nzima.

Magamba ya ziwani nitakupa thelathini, nilikuja nayo. Yakipungua, okota ya konokono wachanga wa bustanini, yale ya ukubwa wa ndimu ndogo kushuka chini, yaliyo matupu. Chemsha nusu saa, sugua ndani, suuza mara tatu. Matatu kwa kila samaki. Mchanga uwe laini, kina cha vidole vitatu, na usihangaike kuyapanga. Yamwage tu, asubuhi utakuta wameyageuza wote wanavyotaka wao.

MamaNjiro
Jumamosi nakuja Moshono na mtoto. Ameshaanza kuokota bustanini, ana kumi na moja kwenye sufuria.