Mrejesho: Foleni ya Mwenge kwenye kompyuta

Wakuu, niliuliza programu gani ya bure inaweza kuiga foleni ya makutano ya Mwenge, Dar. Mlionielekeza SUMO ya Wajerumani wa DLR (kituo chao cha utafiti wa anga), asanteni sana, imekubali. Ramani nimeichota OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni), magari nikayaweka kushoto.

Kazi ilikuwa bodaboda. Kwa mpangilio wa kawaida kila chombo hushika upana wote wa njia yake, kwa hiyo bodaboda alikuwa anapanga foleni nyuma ya daladala kama gari. Nani amewahi kuona hivyo Mwenge? Nilipozigawa njia vipande vyembamba, wakaanza kupenya pembeni, na foleni ikafanana na ya kweli.

Bado kuhesabu magari yanayokata kona asubuhi. Bila hesabu hiyo, kupanga muda wa taa ni kubahatisha tu.