Tupeane uzoefu: kokteli ya jini (gin) na ndimu ya kutengeneza nyumbani, ile kali na chungu

Mkazi wa Gungu
Wakuu, habari za jioni. Niko hapa Kigoma mjini. Naomba tupeane uzoefu wa kokteli ya jini na ndimu, ile inayokaza taya kwa uchachu, halafu uchungu unabaki nyuma ya ulimi. Ya sukari nyingi sitaki, hiyo ni juisi.

Naanza mimi. Mara ya kwanza nilikamua ndimu sita kwa nguvu zote, nikazibana kwa mwiko mpaka mbegu zikasagika humo humo. Niliamini uchungu ndio huo. Ukawa uchungu wa dawa, unakwaruza koo. Shemeji alionja, akaiweka glasi mezani taratibu, akaomba maji. Iliniuma, maana nilikuwa nimemwandalia yeye.

Baadaye ndio nikaelewa: uchachu uko kwenye maji ya ndimu, uchungu mtamu uko kwenye ganda la kijani, na ule mbaya uko kwenye nyama nyeupe na mbegu. Siku hizi naviringisha ndimu mezani kwa kiganja mpaka ilainike, nakata, nakamua mara moja tu, nachuja kwa chujio la chai. Kipimo changu ni kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi chenye mistari: jini mililita 60, ndimu 25, asali iliyolegezwa 10. Natia barafu kwenye chupa ya mdomo mpana, natikisa mpaka vidole viume kwa baridi. Mwisho nachonga kipande cha ganda, nakikunja juu ya glasi. Ukifanya hivyo karibu na taa unayaona mafuta yakiruka kama vumbi jembamba. Harufu yote iko hapo.

Binti Isevya
Kaka, hapo kwenye asali niongezee, mimi ni wa Tabora. Niliwahi kuimimina kwenye jini ya baridi moja kwa moja. Ikazama chini kama lami. Wa kwanza kunywa alikunja uso, wa mwisho akalamba asali tupu. Ilegeze kwanza, kijiko cha asali kwa kijiko cha maji ya uvuguvugu, uiache ipoe. Na kama ni ile nyeusi ya porini, punguza. Ina uchungu wake na harufu ya moshi, itaifunika ndimu.

Mtu wa Katonga
Mimi nilikosea kwenye barafu. Umeme ulikatika, wageni wameshafika, nikakimbilia barafu ya wavuvi. Glasi zote zilinuka samaki wa mgebuka. Sasa nagandisha maji ya kuchemsha kwenye vikombe vya chai mapema. Pande kubwa linayeyuka polepole, kinywaji hakiwi majimaji haraka.

Nesi wa Kasulu
Ukitaka uchungu zaidi, jazia maji ya toniki. Uchungu wake ni wa kwinini, ile dawa ya malaria. Lakini ndugu zangu wa Kigoma, hapa naomba mnisikilize vizuri. Jirani yangu alikaa na homa siku tatu akinywa toniki na jini, akijua anatibu malaria. Tulipompeleka kupima, malaria ilikuwa imepanda. Akapewa dawa mseto, namshukuru Mungu alipona. Marekani kwa mfano hawaruhusu zaidi ya miligramu 83 za kwinini kwa lita moja ya toniki. Dozi moja ya kwinini ya kutibu malaria kwa mtu mzima ni kama miligramu 600. Piga hesabu: lita saba, na hiyo ni dozi moja tu, wakati kwa siku zinatakiwa tatu. Toniki ni ya ladha. Ukiwa na homa, nenda kapime, na pombe uiache kabisa.

Mjukuu wa Ujiji
Nimefanya kazi baa ya hoteli Dar miaka minne. Kule hii tukiiita gimlet, na wengi walitumia maji ya ndimu ya chupa yenye sukari. Maji hayo ni kitu cha mabaharia, waliohitaji ndimu isiyoharibika safarini: mwaka 1867 Mskoti Lauchlan Rose alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya kuhifadhi maji ya ndimu kwa sukari bila pombe. Niliporudi Ujiji sikuyapata, nikajitengenezea. Maganda ya ndimu kumi bila ile nyeupe, nayafikicha na sukari kikombe kimoja, nayafunika usiku kucha. Asubuhi sukari imelowa, imekuwa ya kijani. Natia maji ya ndimu, nakoroga, nachuja. Mkuu, najua sukari huitaki, ila jaribu kijiko kimoja tu. Uchungu wa ganda unaingia wote humo.

Mkazi wa Gungu
Mjukuu wa Ujiji, nimejaribu jana. Kijiko kimoja badala ya asali, nikamaliza na toniki kidogo. Shemeji amemaliza glasi. Ila bado naitaka ile asali nyeusi. Binti Isevya, ukipata mtu anayepanda treni kuja huku, mpe lita moja, nitampokea stesheni na hela yako mkononi.