Nikiambiwa "wewe ni mtoto wa Muhumba", yaani wa mtaa wa wenye nacho, nimejibiwa au nimefungwa mdomo?

Dada wa Muhumba
Jumamosi, kwenye salongo (kazi ya pamoja ya usafi) hapa Bukavu, Kongo, tulikuwa tukizibua mfereji karibu na mto Kawa. Nikasema watu wa Kadutu waache kutupa takataka mtoni, kwa sababu zote zinashukia ziwani. Kaka mmoja akaegemea koleo lake: "Wewe ni mtoto wa Muhumba, una upendeleo, nyamaza." Nikanyamaza kweli, lakini mpaka leo roho inaniuma. Nilichosema ni kweli au si kweli? Hilo hakuna aliyelijibu. Wakubwa, nielezeni: hili neno "upendeleo", yaani kupata nafuu bila kuiomba kwa sababu ya ulikozaliwa au ulivyo, lina kazi gani watu wanapobishana?

Mwanafunzi, Bagira
Alikukosea. Takataka ni takataka hata ikisemwa na mtoto wa gavana. Mtu akikosa jibu ndipo anauliza unalala wapi.

Mama mwalimu, Kadutu
Pole, mwanangu. Kukunyamazisha alikosea, ila kuna kitu alikijua na hakukueleza. Kutoka barabarani mpaka mlangoni kwangu ni ngazi sitini na mbili za udongo. Gari la takataka halifiki. Mvua za Septemba zikianza, gunia nililoliweka nyuma ya jiko linavunda, panya wanaingia, maji meusi yanachuruzika hadi kwenye masufuria. Jirani yangu analibeba la kwake usiku na kulishusha mtoni. Namwona, na sijui nimwambie alipeleke wapi.

Kwenu sentineli, mlinzi wa nyumba, analitoa gunia getini, basi. Hukuiba kitu cha mtu. Ila ngazi hizi hujazipanda na gunia kichwani, ndiyo maana uliona uchafu wa watu tu, njia hukuiona. Hayo ndiyo angekwambia, na mngeendelea kuongea.

Mwaka 1988 mwalimu mmoja wa Marekani, Peggy McIntosh, aliandika orodha ya mambo anayoyapata bila kuomba kwa sababu ni mzungu. Aliandika ya kwake. Siku hizi wengi wanaandika ya wenzao, na hapo ndipo neno lenyewe linageuka fimbo.

Dada wa Muhumba
Asante sana, mama. Kuhusu mto bado nasema vilevile. Lakini hizo ngazi sikuzijua. Gari linaweza kusimama wapi karibu na kwenu?

Mama mwalimu, Kadutu
Chini, upande wa soko. Tatizo ni wa kuyashusha magunia: wazee hawawezi. Njoo Jumamosi saa moja, kabla udongo haujalowa.