Kibao cha "Usisumbue" siku ya tatu: nifanye nini?

Zamu_ya_usiku: Wakuu, mgeni mmoja hapa hotelini ametundika kibao mlangoni, hajaruhusu usafi chumbani siku tatu. Nianze kumshuku?

Mzee_wa_korido: Kibao peke yake si kosa, wengine hulala mchana. Tazama mambo yanavyokusanyika: analipa taslimu siku kwa siku, anakataa usafi ila taulo anaomba kila mara, watu wanapishana mlangoni wakikaa dakika chache tu. Kubwa zaidi, binti aliye naye hashiki kitambulisho chake mwenyewe. Ukimuuliza jina, mwenzake ndiye anajibu. Hapo shtuka, huenda binti anatumikishwa kwa nguvu!

Funguo: Usimkabili wala usipekue mizigo. Andika saa, namba ya chumba na ulichokiona, si unachodhani, umpe msimamizi. Kabila na mavazi si dalili.

Mapokezi2: Na ukimwona mtu koridoni anajaribu vitasa vya milango ya vyumba, msalimie: "Nikusaidie, uko chumba gani?" Asiye mgeni mara nyingi hubabaika.